Kuni za Tekla

Mgeni akifika Nova Luka, kitu cha kwanza anachokicheka ni kuni zetu. Kila nyumba imezipanga mbele kabisa, kando ya barabara, mahali ambapo wenzetu hupanda maua. Wacheke tu. Shamba letu hapa lilikaribia kutuponyoka kabla halijawa letu, na kilicholiokoa ni kuni.

Wazee wetu walitoka Galisia, huko Ulaya, ambako kila mti ulikuwa wa bwana mwenye shamba. Mume wa Tekla, mama yake babu yangu Prokip, alifungwa kwa ajili ya kitita cha matawi makavu, na hakurudi. Basi walipofika Kanada wakaambiwa wachague ardhi, Wajerumani waliofika nao walikimbilia mbuga tupu yenye udongo mweusi, wa kustawisha ngano. Watu wetu walichagua msitu wenye mchanga na mawe. Ndiyo akili yetu hiyo: tuliona kuni tukapofuka.

Sharti la serikali lilikuwa jepesi kulisikia. Fyeka, lima, jenga. Baada ya miaka mitatu mkaguzi akiridhika, shamba ni lako. Asiporidhika, unaondoka.

Prokip alijenga kibanda cha udongo, akalima vipande vilivyokuwa wazi, lakini miti hakuigusa. Jioni aliizunguka akiipapasa kama ng'ombe wa maziwa. Jirani yake Danylo alikuwa akimuuliza huku akiionyesha miti, "Hawa binti zako utawaoza lini? Umri umeshawapita." Prokip hakucheka. Naye Tekla, japo aliishi katikati ya msitu wa mwanawe mwenyewe, aliendelea kuokota vijiti na kuvificha chini ya aproni. Mazoea yana tabu.

Kiangazi cha mwisho kikafika na msitu umesimama vilevile. Kwetu mtu akizidiwa na kazi huita toloka: majirani huja na zana zao, hawalipwi, wanalishwa tu. Mwenye nyumba asipoiita ni aibu, na mkewe akiiita bila yeye ni aibu zaidi. Bibi yangu Yevdokha aliimeza aibu hiyo. Alipika supu ya bitiruti sufuria nzima, akatuma habari kila nyumba.

Asubuhi watu walikuja na mashoka. Danylo alikuwa amekwisha kuangusha mti mmoja mdogo na kuukata vipande pale Prokip alipotoka mbio na kusimama mbele ya mwingine.

"Hii ni yangu," alisema. "Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na mti."

"Baada ya mavuno hutakuwa nao tena," Danylo akamjibu. "Wala shamba."

Prokip hakusogea, na hakuna aliyethubutu kumsukuma. Yevdokha alilia waziwazi mbele za watu.

Tekla alichukua gogo moja la Danylo, akalitwika begani, akashika barabara kuelekea nyumbani, kwenye tanuri lake. Lilikuwa nene mno, haliingii chini ya aproni yoyote.

Ndipo akatokea mkaguzi, juu ya farasi, kabla ya siku aliyotarajiwa.

Tekla alisimama. Buti zile, farasi yule, kofia ile: alikuwa amewahi kuona vya namna ile kule Galisia, siku walipomchukua mumewe. Mkono wake mmoja ulishika aproni. Lakini gogo hakulitua.

Mkaguzi aliona bibi kizee amebeba mzigo mzito, basi. Alimvuta farasi hadi kwenye nyasi, akavua kofia, akangoja Tekla apite. Tekla akapita katikati ya barabara, polepole, na hakugeuka nyuma.

Prokip aliyaona yote: mtu wa serikali amempisha mama yake, na kuni begani. Machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta. Akamwomba Danylo shoka.

Mkaguzi aliitazama ile kazi, akasema atarudi baada ya mavuno. Aliporudi, alikuta shamba limelimwa hadi mto ulio mpakani mwake, akaridhika.

Lakini jioni ile ya toloka, watu wakiwa bado wanakula, Prokip alimfuata mama yake kwenye tanuri. Tekla alikuwa ameuacha mlango wa tanuri wazi, na moto ulikuwa mkubwa kupita mahitaji ya mkate wowote.

"Mama, kuni ni nyingi. Nizipange wapi, nyuma ya nyumba?"

"Barabarani," alisema Tekla. "Wanaopita wazione."