Mlango Uliodai Umefungwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kiwanda cha ndoo, na askari wa getini akaniambia nimwachie mikono yangu.

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile wanavyosema askari wa getini kote, anatazama pembeni, kijiti cha meno mdomoni.

"Mikono haiingii ndani, kaka. Soma bango."

Bango nilikuwa nalijua. Nililibandika mimi mwenyewe kwenye mashine yangu: MIKONO ISIINGIE NDANI. Lilikuwa dogo, la kutosha kusomwa na mtu aliyesimama mbele ya mashine. Sasa lilikuwa juu ya geti, pana kuliko geti lenyewe, na herufi zake zimepigwa rangi upya.

"Hilo ni la mashine," nikamwambia. "Si la kiwanda kizima."

"Limeandikwa ndani. Hapa ni nje, kule ni ndani. Au wewe unapaonaje?"

Nikaivua mikono. Ilitoka bila shida, kama soksi.

Niseme kidogo mimi ni nani, maana ndotoni hakuna aliyejali kuniuliza. Naitwa Hiza. Naunda mashine ambazo haziuzwi dukani. Mwenye kiwanda akiwa na kazi ambayo haina mashine yake, anakuja karakana kwetu Tanga, tunamchorea na kumuundia ya kwake peke yake. Safari hii ilikuwa mashine ya kutia vishikio kwenye ndoo za lita ishirini. Ina taya mbili za chuma. Zinapinda waya mnene, kisha zinausukuma kwenye masikio ya ndoo, na ndoo imepata kishikio. Basi. Haijui kufanya kitu kingine chochote. Ukiipa sufuria itaitoboa, na haitaomba radhi.

Asubuhi ya leo ndiyo ilikuwa ianze kazi, na wa kuiendesha ni Sikudhani. Siku za kazi yuko kiwandani, Jumapili anasuka nywele nyumbani kwake, na mke wangu hakubali kichwa chake kishikwe na mtu mwingine. Nimewahi kukaa pale nikimsubiri mke wangu, nikaitazama ile mikono. Inatembea yenyewe huku mwenyewe anapiga umbea na jirani. Niliiota kwa sababu naijua.

Askari akaiweka mikono yangu kwenye rafu, akachukua kibati chenye namba. Kwa kuwa sikuwa na cha kukishikia, akakitia katikati ya meno yangu.

"Ukipoteza kibati, hupati mikono," akasema. "Usije ukanililia hapa."

Rafu ilikuwa imejaa mikono ya wafanyakazi. Mingine imelala, mingine inacheza karata. Mikono ya Sikudhani niliitambua mara moja: ilikuwa inasuka kamba za viatu vya askari. Yangu ilijifanya hainijui.

Naingia ndani. Mashine imekaa katikati ya ukumbi, na ndoo mpya zimepangwa kuizunguka, zinasikiliza. Ndoo zote zina masikio, kwa hiyo sikushangaa.

"Karibu, baba," mashine ikasema.

"Asante," nikasema, kibati kikinigongagonga meno. "Umeamkaje?"

"Sijawashwa bado, baba. Lakini nimekuwa nikifikiri. Kazi yangu ni vishikio vya ndoo za lita ishirini?"

"Ndiyo."

"Na watu wakija kupata mabomba ndani ya nyumba zao, wakaacha kubeba ndoo?"

"Hiyo siku bado."

"Ikifika?"

Niliona aibu. Nimeunda mashine nyingi, na kila moja nimeipa kitu kimoja tu cha kujua katika maisha yake yote. Sikuwahi kufikiri kwamba moja itanigeukia na kuniuliza habari za baadaye. Nikaiambia kwamba hata mimi sijui, na kwamba ndoo zitakuwepo kwa muda mrefu, watu wanazitumia hata kukalia. Ikatulia. Ndoo nazo zilionekana kufarijika.

"Basi mimi niko tayari," ikasema. "Nangoja vitu viwili. Mlango wangu ufungwe, halafu niletewe mikono miwili."

Hilo nalo ni langu. Mbele ya mashine kuna vitufe viwili vilivyoachana, na haiwaki mpaka mwendeshaji abonyeze vyote viwili kwa pamoja, mkono mmoja huku, mwingine kule. Tunafanya hivyo makusudi. Mikono yote miwili ikiwa kwenye vitufe, hakuna unaobaki wa kuingia kwenye taya wakati inaanza; ikishaanza, mlango ndio mlinzi. Lakini sikuwahi kuiambia mashine kwamba mikono ni ya kubonyeza. Niliiandikia tu kwamba inahitaji miwili.

"Mikono ya nani?" nikauliza.

"Ya mwendeshaji. Imeshaagizwa getini."

Nikageuka nikimbilie getini, nikajikuta jikoni kwa mama yangu, Muheza.

Mashine bado ipo, imekaa kati ya mafiga na mbuzi ya kukunia nazi. Mama anamenya machungwa kwa kisu kile chake cha zamani, ganda linatoka refu bila kukatika. Mlango wa jikoni uko wazi mpaka ukutani. Mbuzi wa jirani wanaingia kwa mstari, wa kwanza ameshafika kwenye unga.

"Hiza, funga mlango," mama anasema. "Unawaona hawa."

Nauendea mlango. Nausukuma kwa bega. Hausogei.

"Umekwama?" nauuliza.

"Sijakwama," mlango unasema. "Nimefungwa."

"Uko wazi."

"Nimefungwa."

"Kuna mbuzi anapita katikati yako sasa hivi."

Mlango ukamtazama mbuzi kwa heshima.

"Sijui habari za mbuzi," ukasema. "Mimi taarifa niliyopewa ni kwamba nimefungwa. Ningekuwa wazi, ningeambiwa."

"Tangu juzi uko hivyo hivyo," mama akasema bila kuinua macho. "Ukiusukuma unasema umefungwa, ukiupita unasema umefungwa. Hebu uulize nani kaudanganya."

Ndipo nikauona waya. Mwembamba, wa njano, umefungwa shingoni mwa mlango kama tai ya mtu anayekwenda kwenye usaili. Nikaujua mara moja, kwa sababu waya ule niliufunga mimi.

Mlango wa mashine una swichi ndogo. Ukifunguliwa, swichi inakata na mashine inasimama hapo hapo, hata kama taya ziko nusu njiani. Lakini fundi akiwa kwenye majaribio anataka kuona taya zinavyofanya kazi, na haziwezi kuonekana mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo unachukua kipande cha waya, unaiunga swichi dairekti, na kuanzia hapo mashine inaamini mlango umefungwa hata ukiung'oa na kuupeleka sokoni. Sisi sote tunafanya. Ukimaliza unautoa. Juzi niliuunga mara moja tu, nichungulie taya ya kushoto iliyokuwa ikikwaruza, kisha wakaniita chai. Nikanywa chai, nikafurahi, nikafunga boksi la vifaa nikaenda nyumbani.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Nilijua," akasema mama. "Mlango wangu haukuwa muongo."

"Baba," mashine ikaita kutoka kwenye mafiga. "Mlango anasema amefungwa. Bado mikono."

"Usiuamini huo mlango!"

"Nimwamini nani, baba? Uliniambia nimwamini yeye."

Sakafu ya jikoni ikaanza kutembea. Ilikuwa imegeuka mkanda wa kiwandani unaoleta ndoo, na kweli zikaja ndoo, moja baada ya nyingine, na ndani ya ndoo ya mbele kulikuwa na mikono ya Sikudhani. Bado inasuka. Ilikuwa imemaliza kamba za viatu, sasa imeanza nyuzi za gunia.

Nyuma yake anakuja Sikudhani mwenyewe, khanga imemkaa vizuri mabegani, mikono hana, uso wake umetulia kabisa.

"Shikamoo mama," akamwambia mama.

"Marahaba, mwanangu. Karibu machungwa."

"Nikitoka kazini, mama. Kaka Hiza, habari za asubuhi."

"Sikudhani, irudishe hiyo mikono getini. Haraka."

"Irudi kufanya nini? Nimeambiwa mashine ni salama. Ndiyo maana nimeleta yote miwili."

"Nani alikuambia?"

"Wewe, kaka. Ulisema hata mtoto anaweza kuiendesha."

Nilisema. Nilisema nikicheka, mbele ya watu, nikiwa nimeegemea ule ule mlango. Niliogopa ndotoni kuliko nilivyowahi kuogopa macho yangu yakiwa wazi.

Ukutani kuna kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu. Nikakikimbilia.

"Simamisha!"

"Nibonyeze," kikasema kitufe.

"Sina mikono."

"Nimeandikwa nibonyezwe kwa kiganja."

"Nitakubonyeza kwa paji la uso."

"Paji la uso halikuandikwa," kikasema, kwa masikitiko ya kweli. "Mimi ningependa. Lakini halikuandikwa."

Nikakipiga kichwa hata hivyo. Kikakaa kimya kama mtu aliyeambiwa asijibu.

Ndoo ya mbele ikafika. Taya zikafunguka. Mashine ilikuwa na furaha. Nilijua sauti ya furaha yake, niliipaka grisi mwenyewe. Mikono ya Sikudhani ikainuka kutoka kwenye ndoo, ikaelekea mahali pa kishikio, kidole gumba kimetangulia.

Nikaurudia mlango. Waya wa njano uko pale pale shingoni, na mimi sina chochote cha kuushika isipokuwa meno, na meno yamebana kibati.

Nilisimama. Siwezi kusema sikusimama. Nilifikiria mikono yangu kule kwenye rafu, mikono iliyochora kila kitu nilichowahi kuunda, inayojua uzito wa nyundo na uso wa mwanangu. Askari alisema wazi. Na askari wa aina ile hawabadilishi neno.

"Hiza," mama akasema, na safari hii aliinua macho. "Mwenzio anasubiri."

Nikafungua mdomo. Kibati kikaanguka, kikabiringika, mbuzi akakila.

Nikauma waya. Ulikuwa mgumu kuliko nilivyotarajia na ulikuwa na ladha ya shaba, ile ladha ya sarafu ambayo watoto wote wanaijua. Nikavuta. Shingo yangu ikalia. Nikavuta tena, nikiwa nimekanyaga ukuta kwa miguu yote miwili, jambo ambalo ndotoni linawezekana, na waya ukakatika.

Mlango ukajitazama juu mpaka chini.

"Kumbe niko wazi," ukasema taratibu.

Taya zikasimama. Zilikuwa zimebakiza nafasi ya unene wa ganda la chungwa. Katikati yake mikono ya Sikudhani ilikuwa bado inasuka, haikuwa na habari.

"Samahani, baba," mashine ikasema. "Sikujua."

"Najua hukujua," nikaiambia, na nikalia, na sikuwa na cha kufutia machozi. Mama akaja akanifuta kwa upindo wa khanga yake. Ulinukia machungwa.

Nikaamka.

Chumba kilikuwa na mwanga tayari, mke wangu ameshatoka. Nilitaka kujifuta uso, mikono haikuja. Niliilalia yote miwili usiku kucha, imekufa ganzi mpaka mabegani, imelala kando yangu kama ya mtu mwingine. Mdomoni nilikuwa na ladha ya shaba. Nikakumbuka kwamba ule waya wa njano niliuunga kweli, juzi, kabla ya chai, na kwamba hakuna mtu aliyeutoa.

Simu ikaita. Sikuweza kuishika. Niliinama nikaipokea kwa pua.

"Kaka Hiza, shikamoo," sauti ya Sikudhani ikasema. "Mashine yako imegoma."

"Imegomaje?"

"Ilianza vizuri tu. Waya mmoja ukakaa upande, nikafungua mlango nikaingiza mkono niunyooshe. Ikazima yenyewe. Taa nyekundu, na kwenye kioo imeandika mlango uko wazi."

Nilijilamba midomo; ladha ya shaba bado ilikuwepo.

"Kaka? Ni mbovu?"

"Si mbovu. Mlango uko wazi kweli?"

"Si nimekwambia nimeufungua mwenyewe."

"Basi inasema kweli. Sikudhani, mikono yako iko wapi?"

"Jamani! Umelala vibaya? Mmoja umeshika simu."

"Na wa pili?"

"Wa pili umeshika andazi. Kwani vipi?"

"Maliza andazi," nikasema. "Usiwashe kitu mpaka nifike."

Akacheka, akakata. Juu ya mto, mahali mdomo wangu ulipokuwa, palikuwa na kipande cha plastiki ya njano, kidogo kama punje ya mchele, kina alama za meno. Nilikitazama huku nikingoja. Baada ya muda kidole gumba cha kulia kikaanza kuchomachoma, kisha kinachofuata, na mikono yangu ikanirudia taratibu, bila kibati.