Ya Bluu au ya Njano

Taa ya kijani kwenye dashibodi ilizimika, ikawaka, ikazimika tena, na moyo wa Glenys ukafanya vivyo hivyo. Taa ile ndiyo iliyokuwa ikisema kwamba breki za karavani, nyumba yao ya magurudumu, bado zinaelewana na gari. Nyuma yao walikuwa wanakokota tani mbili na nusu za kitanda, friji, sufuria na mikebe ya maharage. Mbele yao, hata kilomita mbili hazifiki, ulianza mteremko wa Tallagara. Una kona saba, na kwenye ya tano waliojenga barabara walichoka, wakaacha ukingo uwe wa kujiombea.

"Lindsay, taa."

"Nimeiona," akajibu mumewe, mikono kwenye usukani.

"Imezimika."

"Nimesema nimeiona. Macho bado ninayo, mama."

Akaliingiza gari kwenye uwanja wa malori, pale juu kabisa, ambapo kila lori lazima lisimame likaguliwe breki kabla ya kushuka. Glenys akashuka. Alipochungulia bondeni aliona barabara ikijikunja kama utumbo wa kuku, na pembeni kile kichochoro cha kokoto kinachopanda juu, cha kukimbilia gari lililokosa breki. Kokoto zilikuwa na mifereji miwili mirefu, mipya kabisa. Mtu alikuwa amekitumia wiki ile. Akatamani asingechungulia.

Lindsay alikuwa amelala chali chini ya bampa. Miaka thelathini na tano alitengeneza redio mjini Toowoomba, na lehemu kwake ilikuwa dini. Angeachiwa, angelehemu hata soksi. Waya wa breki aliulehemu mwenyewe, tena kwa mbwembwe.

"Umekatika," sauti yake ikatoka chini. "Lakini si lehemu! Lehemu iko vilevile. Waya ndio umekatika pembeni yake."

"Ndivyo unavyokatika, mzee."

Alikuwa mwanamke mmoja dereva wa lori la ng'ombe, jina lake Raelene, mikono kama mapaja. Alikuwa amekuja kuchungulia, kwani mtu akilala chini ya gari hakosi watazamaji. "Lehemu inaufanya waya uwe mkavu kama kijiti. Redio inakaa kabatini, imetulia. Gari linatetemeka kutwa nzima. Kitu cha kutetemeka hukilehemu, unakibana."

"Nimeanza kulehemu kabla hujazaliwa, binti."

"Basi shuka nayo. Nitakupungia mkono."

Siku nyingine Glenys angecheka mpaka ashike mbavu. Leo akautazama mteremko.

Raelene akaleta kopo lake la vijimrija, vile vya shaba vilivyovishwa plastiki. Unaingiza ncha moja ya waya huku na nyingine kule, unaviminya kwa koleo, unapasha moto kidogo na plastiki inasinyaa kuzuia maji. Vyekundu kwa waya mwembamba, bluu wa kati, njano mnene. "Waya wa breki mnene. Chukua njano," akasema. "Ukimaliza, uvute kwa nguvu. Kama utachomoka, uchomokee huku juu." Akamwachia vya bluu na vya njano pamoja na koleo la akiba, akaenda zake, maana ng'ombe walikuwa wanalia kwa joto.

Lori likazama kwenye kona ya kwanza, breki zikipiga kelele. Ng'ombe wakaacha kusikika. Wakabaki wawili na upepo.

Lindsay akaingiza waya kwenye mrija wa njano. Ukacheza humo kama kidole kwenye pete ya mtu mwingine.

"Umeona? Unapwaya. Hajui kitu yule." Akachukua wa bluu. Waya ukakataa kuingia. Akazifungua zile nyuzi zake ndogondogo za shaba, akakata tano, akakata nyingine sita.

"Unakata nini?"

"Napunguza. Uingie vizuri."

"Lindsay, hizo ndizo zinazobeba umeme."

"Ziko nyingi, mama! Angalia unavyobana sasa." Akaminya, akapasha moto, akainuka akipangusa magoti. Taa ikawaka kijani, haipepesi hata kidogo. "Haya. Panda twende."

Glenys hakupanda.

"Taa si imewaka? Unataka nini tena, ikuimbie?"

"Vuta kwanza."

"Sivuti. Nimeunga nyaya maisha yangu yote."

Miaka arobaini na moja ya ndoa Glenys alikuwa amenyamazia mengi, na mengine aliyasifia. Alisifia meza ya kuyumba. Alisifia bomba lililotoa maji ya moto upande wa baridi. Meza ikiyumba hufi. Sasa alijua akipanda gari lile kwa adabu, atashuka nalo kwa adabu mpaka chini ya kona ya tano.

Akapiga magoti kwenye vumbi, akaushika waya kwa mikono miwili, akavuta.

Ukaja wote mkononi mwake kama uzi kwenye siagi.

Lindsay aliutazama ule waya, akautazama mteremko, na rangi ya uso ikamhama. Kisha akaumenya waya upya, akauingiza kwenye mrija wa njano, akauminya, ukakaza. Kule kupwaya kote kulikuwa ni nafasi ya kuminyiwa tu. Akaupasha moto. Glenys akaweka mguu kwenye bampa, akavuta kwa uzito wake wote, na Mungu alikuwa amemjalia uzito. Haukutoka.

Wakashuka kwa gia ya kwanza. Glenys hakutazama barabara, alitazama taa, na alihisi kwamba akipepesa jicho nayo itapepesa. Kwenye kona ya tatu karavani ikawasukuma mgongoni kama umati mlangoni. Lindsay akakanyaga. Ikasita, ikashika. Kona ya tano Glenys aliipita amefumba macho. Aliyafungua aliposikia matairi yakiimba kwenye tambarare.

Gari lilisimama, lakini Lindsay hakuondoa mguu kwenye breki. Glenys akavuta breki ya mkono.

"Ilianza jana," Lindsay akasema.

"Nini kilianza jana?"

"Taa. Ilizimika tulipotoka kambini. Nikaifunika kwa kofia. Leo kofia ikaanguka."

"Ukanificha?"

"Ungeogopa, mama. Na mimi nilikuwa nimeshaogopa. Nikaona mmoja anatosha."

Glenys akashuka, akazunguka mbele ya boneti lililokuwa likinuka moto, akafungua mlango wa dereva.

"Sogea," akamwambia.

Naye akasogea.