Dhamana ya Printa ya Dada

Usinigeuzie shingo. Na wewe yalikukuta. Printa ya nyumbani kwako ilikuandikia kwamba wino umekwisha, ukaichomoa katriji, ukaitikisa, tone likakurukia kwenye shati. Tone la wino uliokwisha! Ukaangalia kulia, ukaangalia kushoto, ukaitupa. Halafu ukaenda kununua nyingine kwa bei inayokaribia ya mashine yenyewe, na ulipoulizwa ukasema maisha yamepanda.

Dada yangu naye alikuwa wa kundi lako. Anatengeneza sabuni za mchaichai jikoni kwake, na duka la dawa la mtaa wa pili lilikuwa limekubali kuziuza, kwa sharti kwamba kila kipande kiwe na lebo. Dereva wa kuchukua mzigo alikuwa anakuja mchana ule ule. Sabuni zimepangwa mezani, uchi kama zilivyozaliwa, na printa imekauka.

Nikamletea chupa ya wino wa kampuni nyingine, ule wa kujaza mwenyewe. Kazi hiyo hakuna aliyenifundisha. Niliharibu katriji zangu na mashati yangu mpaka mkono ukazoea. Nikabandua karatasi ya juu ya katriji, nikalikuta tundu, nikaingiza sindano na kuuteremsha wino polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji. Nikafuta chini kwa tishu, nikairudisha mahali pake. Vidole vikawa vya bluu, dada akaniambia nisiguse kuta.

Mashine ikaunguruma, ikafikiri, ikaandika kwenye kioo chake: Wino huu si halisi. Madhara yoyote hayatafidiwa. Ungependa kuendelea?

"Bonyeza ndiyo," nikasema.

"Hebu ngoja," dada akasema. "Imeuliza vibaya."

Nikanyoosha kidole, akakipiga kwa mwiko. Mashine ni yake, lawama ni zake. Akamwita binti yake kutoka chumbani. Binti akasoma, akakumbuka ana nguo kwenye kamba. Basi akaitwa mkwe, mume wa huyo binti.

Mkwe tunamwita Dhamana. Mpole, ana heshima zake, na hajawahi kuitoa rimoti kwenye nailoni iliyokuja nayo. Alipokuja kuposa alikikagua kiti kabla ya kukikalia. Wengine wamesahau, mimi sijasahau. Akaingia akifuta mikono, akaisoma ile sentensi kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari.

"Mama," akamwambia dada, "ukibonyeza hapa, dhamana imekufa."

"Imekufa yote?"

"Yote. Hata ikivunjika mguu hawaitazami."

"Printa ina mguu?" nikauliza.

"Mjomba, nazungumza na Mama."

Dada akashusha pumzi. Akazitazama sabuni, akaitazama mashine. "Basi nimpigie dereva asije," akasema, akaanza kuitafuta simu kati ya ndoo. Hapo ndipo damu ilinichemka. Kazi ya mikono yake inarudi kabatini kwa sababu mashine imekunja uso.

"Dhamana," nikasema, "hiyo dhamana unayoililia ni ya muda gani?"

"Mwaka mmoja. Kila mtu anajua."

"Na siku printa inaingia humu ndani, nani aliibeba?"

"Mimi."

"Mkeo hakukushikia hata upande mmoja. Kwa nini?"

Akafikiri. "Alikuwa mjamzito. Alikuwa hataki hata harufu ya kitunguu."

"Na hiyo mimba sasa hivi iko wapi?"

Sote tukageukia dirishani. Mimba ilikuwa uani, imepanda juu ya ngazi, inawaonyesha wenzake pengo la jino la mbele.

Dhamana akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Binti, aliyekuwa amerudi na nguo, akaficha kicheko ndani ya shuka.

"Kumbe," dada akasema taratibu, "siku zote hizi nilikuwa naogopa kumkasirisha marehemu."

"Lakini Mama, kimsingi..."

"Kaa, mwanangu. Kiti ulishakikagua."

Akaugeuza mwiko, akabonyeza Ndiyo kwa mpini. Nikamuuliza kidole chake kina nini.

"Wakija kuuliza nani alibonyeza," akasema, "nitawatolea mwiko."

Lebo ikatoka. Jani la mchaichai lililochorwa juu yake lilielekea kwenye bluu kidogo, sitakudanganya. Dada akaliinua kwenye mwanga. "Limepigwa na baridi," akasema, "ila linapendeza." Nyingine zikafuata mbiombio. Aliyezikata kwa mkasi alikuwa Dhamana mwenyewe, pembe zimenyooka kama za bahasha ya serikali, na dereva alipopiga honi sabuni zote zilikuwa zimevaa.

Sasa wewe. Usiniambie utaangalia mwisho wa wiki. Simama, nenda kwenye ile mashine uliyoifunika kitambaa, ukumbuke iliingia lini humo ndani na nani alikuwa bado hajazaliwa. Katriji uliyoitupa iokote kabla gari la taka halijapita. Jaza, rudisha, na ikikuuliza kama ungependa kuendelea, usiite mtu. Bonyeza. Kidole kikitetemeka, mwiko uko jikoni.