Wasifu wa Mdalasini

Kaka Stephano alinipa mpaka mwisho wa Mei. Nikikosa kazi, nyumba ya marehemu mama pale Bigwa ingepata mpangaji, nami ningehamia kwake Ngerengere. Hakusema kwa ubaya.

"Wifi yako ameshakutengea chumba," alisema. "Utaongea na kuta mpaka lini?"

Mimi nilitaka kubaki. Kanga za mama nilikuwa sijazigawa bado.

Ndiyo maana nilikwenda kwenye usaili kwa mama Urmila, anayeuza viungo mjini. Mwanawe Tejas alikuwa ameanza kuviuza mtandaoni, akabandika tangazo dukani kwamba anahitaji mtu wa kuandika kontenti. Jirani yangu Shakila ndiye aliyenieleza maana yake: "Ni maneno ya kumfanya mtu anunue kitu ambacho hajakinusa."

Nilivaa sketi ya kanisani. Chumba cha usaili kilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya pilipili manga, na nilipiga chafya mara tatu kabla ya kuamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ukizoea hutapiga tena. Kaa."

Tejas alifungua kompyuta yake. "Dada Yuliana, umesema una kidato cha nne na uzoefu wa kuandika. Umeandika nini?"

"Wasifu wa marehemu. Kumi na tisa mpaka sasa."

Pale Bigwa mtu akifariki, wafiwa huniita mimi. Nauliza alizaliwa wapi, alilelewa na nani, alifanya kazi gani, ameacha nani. Nikishaandika, mtu wa familia anasoma mbele ya jeneza.

Tejas alikuna shingo. "Wateja wangu wote wapo hai, namshukuru Mungu."

"Usimdhihaki mwenzio," mama yake akamwambia, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Wakanipa jaribio. Tejas aliweka mezani fungu la mdalasini kutoka Kinole kule mlimani, akanipa karatasi na nusu saa. Niliunusa. Mama alikuwa na shamba Kinole, na msimu wa masika nguo zake zote zilikuwa zikinukia hivyo hivyo. Niliandika bila kuinua kichwa mpaka Tejas aliponiambia muda umekwisha.

Akaisoma kwa sauti.

"'Mdalasini huu ulizaliwa Kinole, upande wa kivuli. Ulilelewa na wanawake wawili, mama na binti. Enzi za uhai wake haukuwahi kuugua. Ulikatwa wakati wa mvua, gome linapoachia kirahisi, ukaanikwa juu ya mkeka. Umeacha machipukizi manne.'"

Akaishusha karatasi taratibu. "Dada Yuliana, bidhaa yangu umeizika!"

Mama Urmila alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Imezikwa, na mimi mfiwa sijapewa hata pole!"

Sikucheka. Nilikuwa nakiona kile chumba cha Ngerengere, kitanda kimeshatandikwa.

"Naomba nirudie," nikasema. "Mkono umezoea njia moja."

"Ngoja kwanza. Haya machipukizi ni kweli, au umeyaweka kupamba?"

"Ni kweli. Mdalasini ukikatwa haufi. Kisiki kinachipua. Mama alikuwa anaacha manne, mengine anayapunguza, baada ya miaka miwili mitatu anavuna tena."

Tejas alimgeukia mama yake. "Kila wiki wateja wa Dar wananiuliza kama tunamaliza miti ya mlimani. Unajua nawajibu nini?"

"Nini?"

"'Hapana, ndugu mteja.'"

"Ndiyo maana hawanunui," mama Urmila akasema. Kisha akaniangalia. "Na mama yako mwenyewe, wasifu wake uliuandika wewe?"

"Hapana, mama. Nilishika kalamu usiku kucha, nikashindwa. Aliandika katekista. Hata mwaka wa kuzaliwa alikosea."

"Pole, mwanangu." Akanyoosha mtandio wake. "Mama yangu hakuandikiwa kabisa. Mpe karatasi nyingine, Tejas."

Mara ya pili niliandika polepole. Mdalasini unazaliwa Kinole. Unalelewa na wanawake. Ukikatwa, unaacha machipukizi manne, nayo sasa yanafika kiunoni. 'Enzi za uhai wake' nilizifuta.

Tejas alisoma kimya, akampa mama yake, naye akasoma akiwa ameisogeza karatasi mbali na macho.

"Jumatatu saa mbili," Tejas akasema. "Mwezi mmoja wa majaribio. Sharti moja tu: asife mtu."

Nilimpigia kaka nikiwa bado mlangoni mwa duka.

"Nimepata."

"Umepata nini?"

"Kazi. Ya kuandika."

"Wanakulipa uandike?" Nikamsikia akimwita wifi, akimrudia maneno yangu, na wifi akipiga kigelegele. Kisha akarudi, sauti imeshuka. "Haya. Yule mpangaji nitamwambia atafute kwingine."