Kama Unavyofua Hariri

Dobi yule alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Kola iliyokaa na jasho mwezi mzima aliilaza kwenye ubao, akaipaka sabuni ya kipande, kisha akaishindilia brashi mpaka ikaomba radhi. Na meno yake aliyafua hivyo hivyo. Alinunua mswaki mgumu kuliko yote dukani, akasugua huku na huku, asubuhi na jioni, mpaka mumewe chumbani akadhani kuna seremala bafuni anapiga msasa.

Meno yakawa meupe pe. Ila yakaanza kurefuka.

"Wa umri wako yanawang'oka, yako ndiyo kwanza yanakua," mumewe alimtania.

Yeye hakucheka. Mama yake mzazi alifika miaka hamsini hana jino la mbele hata moja, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akicheka mbele za watu. Dobi sasa alikuwa na arobaini na tisa. Maji baridi yakimgusa jino, mwili mzima ulimsisimka, na mate aliyotema yalikuwa na damu. Aliogopa, tena sana, na dawa aliyoijua ilikuwa moja tu: akaongeza nguvu.

Yalipomfika shingoni akaenda kwa daktari wa meno, binti mdogo mwenye sauti ya upole. Daktari alipima fizi jino kwa jino, kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama, huku akimtajia muuguzi namba za kuandika. Halafu akampa dobi kioo.

"Meno hayajarefuka, mama. Fizi ndizo zimejivuta, mizizi imebaki wazi. Ndiyo maana baridi inakuchoma."

"Zitarudi lini?"

"Hazirudi zenyewe. Zikizidi sana, tunachukua kipande cha nyama kwenye kaakaa tukakishonea pale. Zako hazijafika huko, na meno bado yameshika. Zikiishia hapo zilipo, utazeeka nayo."

"Na zisipoishia?"

Daktari hakumficha. "Yatalegea."

Akamkwangua ukoga uliogandamana chini ya fizi, akampa mswaki laini, akamwomba aonyeshe anavyopiga. Dobi akaonyesha. Daktari akamdaka mkono.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nafua nguo za watu."

"Wakikuletea hariri?"

Dobi akamtazama kwa kumhurumia. "Hariri hupigi brashi, mwanangu. Unaipapasa kwa ncha za vidole, taratibu. Ukiisugua, imekwenda hiyo, huitengenezi tena."

Akaugeuza ule mswaki mkononi.

"Kumbe ni mimi mwenyewe," akasema.

"Wewe na huo ukoga. Rudi baada ya miezi mitatu tupime tena."

Basi miezi mitatu hiyo nyumba haikuwa na amani. Mkono uliozoea kola miaka thelathini haufundishiki kwa siku moja. Mumewe akisikia msasa umeanza bafuni, anaita mlangoni, "Hariri!" Naye anamjibu kwa mdomo uliojaa povu, maneno ambayo, bahati yao wote wawili, hayakueleweka. Akaanza kuushika mswaki kwa vidole vitatu, kama kalamu. Wiki ya tano akatema mate, akayaangalia, akamwita mumewe naye aje ayaangalie. Hayakuwa na damu.

Siku ya kupimwa hakula kwa wasiwasi. Alilala kwenye kiti, mikono ameifumbata tumboni, daktari akianza upande wa juu, anapima, anataja, muuguzi anafuata kwa kidole kwenye karatasi ya zamani.

"Vilevile," muuguzi akasema. Jino la pili, vilevile. La nane, vilevile. Safu yote ya juu ikaisha, na fizi haikuwa imesogea popote.

"Zimesimama, mama," daktari akasema.

Dobi alicheka. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi wote, machozi yakimtiririka masikioni, mpaka waliokuwa wakisubiri nje nao wakaanza kucheka bila kujua wanachekea nini. Daktari akamsihi atulie kidogo, meno ya chini bado. Hakutulia. Daktari akaweka kijiti mezani, akavuta stuli, akasubiri.