Hansel ya Bi Edith

Chandrakant alikuwa keshafika kituo cha basi, kapu la bamia begani, nami namkimbilia huku viatu vinanivuka. Mwaka wa sitini na nane huo, Walthamstow, huku kwa Waingereza. Asubuhi ile ndiyo kwanza kafungua meza sokoni.

"Rudi, Chandu! Ruhusa ya meza umeingoja miezi saba. Ukiiacha leo, anapewa mwengine. Mkeo Champa utamwambia nini?"

"Nirudi nikatemewe mate tena? Sikuikimbia Unguja nije kufanywa tambara huku!"

Kweli, nilikuwapo. Bi Edith, Mwingereza muuza mayai wa meza ya pili, alinunua bamia, akatoa shilingi, akaitemea tfu! akamtilia mkononi. Chandrakant akaitupa chini, akafunga kapu, akaondoka. Mimi nikamvaa yule bibi, naye akashangaa.

"Nimeitemea pesa, si yeye! Hansel hiyo, namtakia heri! Mama yangu hauzi yai la pili mpaka aitemee pesa ya kwanza."

Nikamhadithia Chandrakant. Akanicheka kwa hasira.

"Hansel! Na wewe Kiingereza chako cha jikoni melini, umeamini?"

"Basi twende tukaulize kitabu!"

Nikamkokota mpaka maktaba, palepale barabara ya soko, na kapu lake. Msichana wa zamu akafunua kamusi nene, akatusomea taratibu. Neno la kale mno, asili yake kutia kitu mkononi, na kupeana mikono watu wakishapatana. Baadaye likawa zawadi ya mwaka mpya au ya kazi mpya. Kisha pesa ya kwanza ya siku, ambayo wachuuzi huitemea mate ipate kuita nyingine.

"Soma tena, dada," akasema Chandrakant. Kasomewa tena.

"Lo! Marehemu baba pale sokoni Darajani, pesa ya kwanza akiigusisha kipajini! Na mteja wa kwanza hamwachi atoke mikono mitupu, hata kwa hasara!"

"Na wewe wa kwanza wako umemtupia pesa yake, mwehu we!"

Tukatoka mbio, msichana anatukemea. Bi Edith alikuwa kaiokota shilingi, kanuna. Chandrakant akaipokea kwa mikono miwili, na mate yake, akaigusisha kipajini, akamjazia bibi bamia mpaka mfuko ukachanika. Bibi akacheka mpaka akakaa juu ya kreti.

Chandrakant aliuza kwenye meza ile miaka kumi na tisa, akafia Queensbury. Champa yuko kwa binti yake. Bi Edith alihamia kwa mwanawe, barua zake zikakoma. Mimi nilirudi melini mwezi ule ule, na sasa nimepanga chumba Southall. Msichana wa maktaba sikumuuliza jina.