Arobaini ya Safta

Kufikia saa nne asubuhi Toader alikuwa ameshafunga majani ya kabichi mia na ishirini yenye nyama na mchele, na bado hakutaka kukaa. Afadhali kazi. Daktari wa kliniki ya kuacha pombe mjini alimwambia: hasira ikipanda, ipe mikono kitu cha kufanya. Mwezi uliofuata kliniki ikafungwa kwa kukosa daktari. Tangu hapo ni miezi saba, anajitibu mwenyewe kwa kupasua kuni, kumenya vitunguu na kunyamaza.

Leo ilikuwa arobaini ya mama yake, Safta. Kijiji kizima kilikuja, maana chakula cha marehemu hakikataliwi: kinacholiwa na kunywewa hapa ndicho kinachomfikia kule. Divai aliileta mama mdogo Anghelina. Toader aliwamiminia watu huku akipumua kwa mdomo ili asiinuse.

Aliyemngoja hasa ni meya Prodan. Basi la shule halikuwa na dereva, naye Toader aliendesha malori miaka kumi na tisa kabla pombe haijamponza. Fomu ya kuomba kazi hiyo ilibakiza kitu kimoja tu: sahihi ya meya kwamba mwombaji hanywi.

Meya alifika na mpwa wake Sandu, akaipokea fomu, akaiweka kando ya sahani. Kisha akamsogezea Toader kikombe.

"Kwanza hii. Ya mama."

"Niwie radhi, bwana meya. Mimi sinywi."

"Si ndivyo nitakavyoandika? Kikombe kimoja cha marehemu siyo kunywa, bwana. Ni ibada!"

Meza nzima ikacheka.

"Toader mwanangu," mama mdogo alinong'ona, "usimwache dada yangu na kiu huko aliko."

Hilo lilimchoma kuliko kicheko.

"Hana kiu, mama mdogo. Siku arobaini nimembebea maji. Ndoo mbili kila asubuhi, hadi kwa jirani yetu bibi Varvara, kwa jina la mama."

"Hiyo si kazi ya wasichana?" Sandu alidakia, yuko kikombe cha nne. "Tukutafutie na sketi, kaka?"

Toader alikuwa ameshika upawa. Aliona wazi jinsi ungetua kwenye meno ya Sandu, na akatamani, Mungu amsamehe, akatamani kweli. Akauweka chini. Akakusanya sahani chafu, akaenda kuziosha.

"Mnaona hasira hizo?" alimsikia meya nyuma yake. "Mtu asiyemheshimu mama yake, nimkabidhi watoto wa watu? Sandu, Jumatatu utaweza kuamka mapema uendeshe basi?"

"Nitajitahidi, mjomba."

"Basi. Mungu amrehemu Safta!"

Kila mtu akadondosha tone la marehemu sakafuni, wakanywa.

Jua lilikuwa bado juu walipoondoka. Divai ilikuwa imezama kwenye mbao za sakafu, nyumba nzima inanuka. Toader alipiga magoti na maji ya moto na magadi, akasugua. Alikuwa na hasira, alikuwa na hofu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Tangu Toader aache pombe hadi siku alipofariki, Safta alikuwa akimwuliza kila jioni, kutoka kitandani: "Toader, leo je?" Sasa alifika kwenye mlango wa chumba cha mama na brashi mkononi, akasimama.

"Sijanywa, mama," alisema kwa sauti, ingawa hakuulizwa, akarudi kusugua.